Kabureta ya Toyota juu ya injini ya Land Rover: historia ya kibao cha mbao

Mzee mmoja alifika kwenye mlango wa redio yetu hapa Butembo akiwa na kibao cha mbao ndani ya mfuko wa plastiki. Ni mti mgumu, unene wa vidole viwili. Katikati kuna tundu kubwa lenye umbo la yai, na pembeni matundu ya bolti. Kibao chote kimekuwa cheusi kwa kunywa petroli miaka mingi. Alikuwa amesikia kipindi chetu kuhusu bei ya petroli, akataka kuniuliza jambo moja: «Mwanangu, wewe unayeongea na mafundi, nielezee kwa nini gari la marehemu baba linakunywa hivi na nguvu halina.»

Gari lenyewe ni Land Rover ya petroli, Series III, lenye injini ya silinda nne. Baba yake alikuwa dereva kwenye shamba la kahawa, na shamba lilipokufa alichukua gari badala ya mishahara ambayo hakuwa amelipwa. Mwaka 2024, familia nyingi za Kanyabayonga na Kirumba zilipokimbilia Lubero na Butembo, gari hilo lilipakia bibi, watoto, magodoro na nyumba mbili za majirani. Lilizima njiani mara sita. Kila mara wanaume walishuka, wakasukuma, huku watu wanaotembea kwa miguu wakiwapita.

Sasa limesimama kwenye uwanja wa familia iliyowapokea. Mzee angependa kulitumia kubeba viazi na kabeji kutoka Lubero, safari ya karibu kilometa 45, lakini bidoni ya lita 20 haikumtosha kwenda na kurudi. Mnunuzi wa vyuma chakavu amekuja mara mbili. Alimpa mpaka mwisho wa mwezi ajibu.

Nilimpeleka kwa fundi mmoja mwenye mvi ambaye alijifunza kazi kwenye shule ya ufundi ya misheni. Fundi alifungua boneti, akaangalia, akasema neno moja: «Toyota.» Juu ya injini ya Waingereza kulikuwa na kabureta ya Wajapani, na katikati yao kibao cha mbao, ndugu wa hicho kilichokuwa kwenye mfuko. Kile cha mfuko kilikuwa cha kwanza, kilipasuka. Cha pili kilichongwa badala yake.

Ili kueleza kwa nini ndoa hiyo haikufaa, inabidi turudi nyuma kidogo.

Magari ya kwanza kabisa hayakuwa na kabureta tunayoijua. Hewa ilipitishwa juu ya petroli iliyokuwa ndani ya chombo, ikachukua mvuke, ikaingia kwenye injini. Gari likitikisika, kipimo kinaharibika. Mwaka 1893 Mjerumani Wilhelm Maybach alipata hati ya kabureta inayopuliza petroli kupitia kitundu chembamba, na mwaka huohuo Wahungari wawili, Donát Bánki na János Csonka, walikuwa wamefika mahali hapohapo kwa njia yao. Wazee wanakumbuka ile pampu ya bati ya kupulizia dawa ya mbu: unasukuma hewa kwa nguvu juu ya mdomo wa kijibomba, na dawa inapanda yenyewe na kutoka kama ukungu. Kabureta inafanya kazi hivyo, ila hapa hewa haisukumwi, inavutwa na pistoni zinaposhuka. Mahali hewa inapopita pamebanwa kama koo. Hapo hewa inakimbia zaidi, mvuto unaongezeka, na petroli inapanda kupitia kijishaba chenye tundu lililopimwa ambacho mafundi wetu wanakiita jikleri.

Kila kitu kinategemea lile koo. Likiwa jembamba mno, injini inakosa pumzi kwenye mlima. Likiwa pana mno, hewa inatembea polepole, mvuto ni dhaifu, na petroli inatoka kwa matone badala ya ukungu.

Halafu kuna sehemu ambayo watu wanaisahau. Chini ya kabureta kuna manifoldi, au kolekteri kwa wale waliosoma ufundi kwa Kifaransa: bomba la chuma linalopokea mchanganyiko kwenye mdomo mmoja na kuugawa kwa silinda nne. Hewa inapinda kona bila shida. Tone la petroli ni zito, halipindi. Linagonga ukuta, linateremka, linatengeneza kijito sakafuni. Matokeo yake silinda moja inashiba na nyingine inalala na njaa, ingawa zote zinakula kwenye sufuria moja.

Kwenye Land Rover hii wahandisi walilijua hilo. Bomba la kuingiza na bomba la moshi yako upande mmoja wa injini, na yamefungwa pamoja kwa bolti, moja juu ya jingine. Moto wa moshi unapasha sakafu ya manifoldi chini kidogo ya kabureta, ili matone yaliyoanguka yageuke mvuke kabla hayajafika kwenye silinda. Fundi alinionyesha mahali penyewe kwa bisibisi. Aliongeza onyo ambalo nalitoa kwa yeyote mwenye gari hili: ukiyarudisha mabomba hayo mawili, usikaze bolti zinazoyaunganisha kabla ya kuyakaza kwenye injini. Yaache kwanza yalale vizuri, halafu ndipo ukaze. Wasiojua hukaza mapema, na chuma kinapasuka.

Land Rover yenyewe ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, mwezi wa nne mwaka 1948. Ilitengenezwa na kampuni ya Rover, wazo likiwa la Maurice Wilks, aliyetaka gari la shamba. Injini ya kwanza ilikuwa ndogo, chini kidogo ya lita 1,6, na kabureta yake ilikuwa Solex, jina la Kifaransa lililoanzishwa na Maurice Goudard na Marcel Mennesson. Wabelgiji, waliokuwa wakitawala hapa kwetu wakati huo, nao waliipenda: kuanzia mwaka 1952 kampuni ya Minerva ilitengeneza Land Rover zake kule Antwerp kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, zenye mbawa za mbele zilizoinama.

Mwaka 1958 ikaja Series II na, pamoja nayo, injini tunayoizungumzia: sentimeta za ujazo 2286. Hapa tena kabureta ilikuwa Solex, sasa kubwa zaidi. Mwaka 1967 kiwanda kilibadilisha, kikaweka Zenith ya aina ya 36 IV. Hiyo 36 ni upana kwa milimeta wa mlango wa chini, pale kinapofunguka kile kibati cha mviringo ambacho dereva anakiamrisha kwa mguu, ambacho mafundi wetu wanakiita kipepeo.

Wapenzi wa magari ya zamani kule Uingereza wanabishana mpaka leo ipi ilikuwa bora. Wengine wametoa zote mbili na kuweka Weber ya 34, ambayo huuzwa pamoja na kibao chake cha kuunganishia. Inapunguza kidogo nguvu ya mwendo wa kasi, lakini haina matata mengi. (Edoardo Weber, Mwitalia aliyeanzisha kabureta hizo Bologna mwaka 1923, alichukuliwa mwishoni mwa vita mwaka 1945 na hakuonekana tena. Nimeliweka hilo kwa sababu katika familia zinazosoma hapa, wengi wanajua maana yake.)

Tuhesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo jibu la mzee lilipo. Injini ya namna hii inavuta hewa mara moja kila inapozunguka mara mbili. Ikizunguka mara 2000 kwa dakika, na kama silinda zingejaa kabisa, ingevuta lita 2286 za hewa kila dakika. Koo la Zenith lilichaguliwa kwa kiasi hicho. Kabureta iliyokuwa juu ya gari la mzee ilitoka kwenye Land Cruiser ya zamani, ile tunayoijua kwa jina la FJ40. Injini za petroli za gari hilo zilikuwa na silinda sita na ukubwa wa lita 3,9, baadaye 4,2. Hiyo ni karibu mara mbili ya Land Rover. Na kabureta yake ina makoo mawili: la kwanza la mwendo wa kawaida, la pili linafunguka dereva akikanyaga sana.

Fundi aliigeuza chini juu, akaiweka juu ya mdomo wa manifoldi bila kibao. Hata mimi ambaye si fundi niliona. Makoo mawili hayaingii juu ya tundu moja. Koo la pili lilikuwa linatazama chuma kitupu. Kile kibao chenye tundu la yai kilitengenezwa ili kuyakusanya makoo yote mawili, lakini ukuta wake ulikatwa wima, bila mteremko, kwa hiyo ukungu wa koo la pili ulikuwa unagonga ngazi na kuanguka kama maji. Kwenye mlima, pale mzee alipokanyaga mpaka mwisho kwa sababu gari limechoka, ndipo koo la pili lilipofunguka na kumwaga petroli isiyoweza kuwaka. Buji mbili zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Nyingine mbili zilikuwa nyeupe, dalili ya kukosa petroli. Ndani ya injini moja!

Weupe huo ulikuwa na sababu nyingine. Mti unakunywa petroli ukiwa kazini na unakauka gari likilala. Unavimba, unajikunja, bolti zinalegea, na hewa inaingia kwa pembeni bila kupita kwenye kabureta. Fundi aliwasha injini, akachukua bomba la sindano lenye maji, akadondosha polepole kuzunguka kibao. Alipofika upande wa nyuma, mlio ukabadilika mara moja, injini ikatulia, halafu ikaanza kutetemeka tena maji yalipokwisha kuvutwa. Huo ndio ufa. Alitumia maji, si petroli, na nawaomba wasomaji waige hivyohivyo. Bomba la moshi liko hapohapo chini. Kibao kinachovuja petroli juu ya chuma cha moto ndani ya gari lililojaa watoto ni jambo ambalo sipendi hata kuliandika.

Nilimuuliza fundi: ni mjinga gani alifanya hivi? Alinikemea. «Usimtukane. Ni mimi ningefanya vilevile mwaka ule.»

Tukae kidogo na mwaka ule. Series III ilitoka mwaka 1971, mwaka uleule nchi yetu ilipoitwa Zaire. Magari hayo yalikuja wakati bado kulikuwa na mashamba yanayouza kahawa na chai nje, na maduka yanayoagiza vipuri. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja mwaka 1973 Mobutu alitangaza mali za wageni, yaani mashamba, maduka, usafirishaji, zipewe Wazaire. Waliopewa wengi hawakuwa wakulima wala wafanyabiashara. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka duniani, na fedha za kigeni zikakauka. Baadaye serikali ilijaribu kuwarudishia baadhi ya wenye mali, lakini mnyororo ulikuwa umekatika. Duka lililokuwa likiagiza gasketi ya Zenith kwa barua halikuwepo tena. Mwenye shamba mpya alikuwa na gari, hakuwa na gasketi ya senti chache.

Tukaingia kwenye Artikeli 15, ile sheria ambayo kila mtu anaijua: jitegemee. Mafundi wa wakati huo walikata gasketi kwenye karatasi nene ya kalenda na kuipaka mafuta. Walitengeneza boya la kabureta kwa bati la maziwa. Na kabureta ilipokataa kabisa, walitafuta gari lililopata ajali, wakachukua kilichopatikana. Toyota zilikuwa zinaongezeka barabarani, Land Rover zinapungua. Kwa hiyo kile kibao mimi nakihesabu kuwa hati ya historia sawa na karatasi yoyote ya kumbukumbu za serikali. Kinasema mwaka fulani, kwenye shamba fulani la Lubero, kahawa ilikuwa inaoza ghalani na gari lilipaswa kuondoka kesho asubuhi.

Tena kibao chenyewe si kosa. Viwanda navyo hutengeneza vibao vya kuunganishia, kwa aluminiamu, na vingine kwa plastiki ngumu ili kuzuia joto lisipande kwenye kabureta. Tofauti ni kwamba vya kiwanda vina mteremko laini kutoka tundu la juu hadi la chini, nyuso zake zimenyooka, na havinywi petroli. Fundi wetu wa zamani alikuwa na wazo sahihi. Alikosa aluminiamu, alikosa mashine, na alikosa kabureta ya ukubwa unaofaa. Ilipaswa iwe ya wiki moja. Ikawa ya miaka karibu arobaini.

Swali likabaki: Zenith ya asili ilikwenda wapi? Mzee alinyamaza, halafu akasema mama yake alikuwa na kopo la bati la maziwa ambalo hakumruhusu mtu kulitupa. Lilisafiri nao hata mwaka 2024, chini ya kiti, kwa sababu ndani yake kulikuwa pia na misumari. Kesho yake alikuja nalo. Chini ya misumari, ndani ya kitambaa, ilikuwamo Zenith 36 IV, nzima, imeganda kwa uchafu.

Ugonjwa wake ulijulikana tangu zamani, hata huko ilikozaliwa. Kabureta hiyo imeungwa kwa vipande viwili, cha juu na cha chini, na kile cha juu hujikunja taratibu kwa joto na kwa mkono wa anayekaza skrubu kupita kiasi. Pete ndogo ya mpira ya ndani nayo hukauka. Hapo petroli inapita mahali isipotakiwa, bila kupimwa na jikleri, na gari linakunywa na kutoa moshi mweusi. Fundi wa shambani aliona moshi huo, akaamini kabureta imekufa.

Fundi wetu aliweka msasa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, akaloweka, akasugua uso wa kipande cha juu kwa kuzungusha, bila haraka, akikagua kwa rula ya chuma mpaka mwanga usipite chini yake. Kazi ya saa nzima. Pete ya mpira aliitafuta katika maduka ya vipuri vya pikipiki, akapata inayolingana, isiyoharibiwa na petroli.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kwenye manifoldi. Aliyefunga kibao alikuwa ametoboa matundu mapya ya bolti, na moja lilikuwa limetokeza mpaka ndani ya njia ya hewa. Bila kuziba hilo, hata kabureta mpya kutoka kiwandani ingeshindwa. Aliliziba kwa kipande cha shaba chenye meno ya skrubu, akakikata sawasawa na uso, akanyoosha uso wote kwa tupa ndefu. Akanionyesha jambo ambalo ningelipita bila kuliona: aliweka gasketi juu ya manifoldi na kuchungulia kama karatasi haizibi hata ukingo mdogo wa tundu. Ilikuwa inaziba. Alikata tena.

Jambo la mwisho ni la nchi yetu yenyewe. Kabureta hizi zilipimwa Uingereza, karibu na usawa wa bahari. Goma iko kwenye mita karibu 1500, na hapo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14. Lubero iko juu zaidi. Petroli haijui habari za milima, inaendelea kuja karibu kiasi kilekile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi kuliko hewa. Wakati wa zamani dawa yake ilijulikana, jikleri ndogo kidogo kwa magari ya milimani. Fundi alikuwa nayo moja kwenye kopo lake. Onyo lake: mwenye jikleri ndogo akishuka kukaa kule bondeni Kasindi, airudishe ya kwanza, la sivyo injini itapata joto kupita kiasi na kuunguza vali. Wapo wanaopanua tundu la jikleri kwa sindano ya kushonea ili «gari lipate nguvu». Hawapati kitu isipokuwa deni la petroli.

Gari liliwashwa siku ya nne, jioni. Lilikohoa mara mbili, likashika, na mlio ukawa mmoja. Watoto wa uwanja ule walipiga makofi. Mzee alisimama nyuma ya gari akitazama bomba la moshi.

Wiki iliyofuata alikwenda Lubero na kurudi na magunia ya viazi. Bidoni ileile ya lita 20 ilirudi na kiasi cha lita tano. Fundi alizifungua buji nne, zote zilikuwa na rangi ya kahawa. Malipo ya fundi yanatolewa kidogokidogo, kwa viazi na kwa fedha. Mnunuzi wa vyuma alipokuja alijibiwa arudi wakati mwingine. Nyumbani kwake hajarudi, barabara ya kwenda huko bado, na mafuta ya safari hiyo anasema ameanza kuyaweka pembeni.

Kile kibao cha kwanza alikiacha mezani kwetu studio. Mpaka leo kinanuka petroli, na mlinzi amekataa kabisa kiwekwe karibu na jenereta.